Shairi kwenye karatasi moja: kuchagua kati ya zama nne za uchapaji wa Marekani

Mtu anayetaka kukusanya mashairi ya Marekani yaliyochapwa kwenye karatasi moja moja, au kuyafundishia, au kutundika moja tu ukutani kwake, hukwama mapema, kwa sababu jina moja limebeba vitu visivyofanana. Wamarekani huiita brodisaidi, yaani karatasi isiyokunjwa wala kushonwa, iliyopigwa chapa upande mmoja tu ili ibandikwe ukutani, ichuuzwe barabarani au igawiwe mkono kwa mkono. Chini ya jina hilo utakuta maombolezo ya mwaka 1770, utakuta wimbo wa askari wa mwaka 1863 uliouzwa kwa senti chache, utakuta shairi la mkutubi wa Detroit kuhusu watoto waliouawa kanisani, na utakuta karatasi nene ya pamba yenye nambari na sahihi ya mtunzi iliyochapwa juzijuzi. Anayeagiza mojawapo huku akitarajia nyingine atavunjika moyo.

Nimekaa na karatasi hizi kwa miaka kadhaa, nyingi kupitia picha za maktaba na chache kwa mikono yangu, na nimefikia kuamini kwamba kila moja ilichapwa ili ifanye kazi fulani siku fulani: kuomboleza, kuimbisha, kuamsha watu, au kutazamwa. Ukiijua kazi hiyo, na ukajua kazi unayotaka wewe ikufanyie, uchaguzi unakuwa mwepesi kuliko ukianza na umri wa karatasi au bei yake.

Vigezo

Nitazipima zama zote nne kwa mambo manne yaleyale. La kwanza ni shairi lenyewe: je, mishororo yake inasimama ikisomwa leo, na Kiingereza chake kinampa taabu kiasi gani msomaji ambaye lugha yake ya kila siku ni Kiswahili? La pili ni karatasi na chapa, yaani kinachoonekana kwa jicho na kuguswa kwa kidole, pamoja na uwezo wa kudumu. La tatu ni kupatikana na gharama, na humo nimeingiza hatari ya kuuziwa kitu bandia. La nne ni kumjua mtu anayefaidika zaidi na aina hiyo.

Zama za ukoloni na mapinduzi, 1639 hadi karibu 1800

Mtambo wa kwanza wa chapa katika makoloni ya Waingereza ya Amerika Kaskazini ulifungwa Cambridge, Massachusetts, na kitu cha kwanza kinachojulikana kutoka humo, mwaka 1639, kilikuwa karatasi moja yenye kiapo cha raia huru wa koloni. Kitabu cha zaburi kilifuata mwaka 1640. Kwa hiyo katika nchi ile karatasi ilitangulia kitabu, na kwa muda mrefu iliendelea kukitangulia, kwa kuwa karatasi ingeweza kupangwa herufi asubuhi na kuuzwa jioni.

Shairi lenyewe. Mengi ni mashairi ya visa na maombolezo, na sitaficha kwamba mengi ni mabovu. Benjamin Franklin, alipokuwa mwanagenzi katika kiwanda cha chapa cha kaka yake James huko Boston, alitunga shairi kuhusu mlinzi wa mnara wa taa, Worthylake, aliyezama pamoja na watu wa familia yake mwaka 1718, na jingine kuhusu mwisho wa haramia Teach, maarufu kama Blackbeard. Kaka yake alimtuma azunguke mjini akiyauza. La kwanza lilinunuliwa kwa wingi, lakini alipokuwa mtu mzima Franklin mwenyewe aliyaita mashairi hayo takataka, na alikumbuka jinsi baba yake alivyomkatisha tamaa kwa kumwambia kwamba watunga mashairi kwa kawaida huishia kuwa ombaomba.

Hata hivyo, katika rundo hilohilo zimo karatasi ambazo historia ya fasihi ya Marekani haiwezi kusimuliwa bila kuzitaja. Jupiter Hammon, aliyezaliwa utumwani mwaka 1711, alitunga shairi la wokovu ambalo karatasi yake imeandikwa kwamba lilitungwa na Jupiter Hammon, Mweusi wa Bwana Lloyd wa Queen's Village, Long Island, tarehe 25 Desemba 1760. Lina mishororo 88 kwa mizani ya nyimbo za kanisani, na neno la wokovu linarudi ubeti baada ya ubeti kama kiitikio cha mtu anayebisha hodi bila kuchoka. Hilo ndilo linalohesabiwa kuwa shairi la kwanza la Mmarekani Mweusi kuchapwa. La Lucy Terry lilikuwa limetungwa kabla yake, mwaka 1746, lakini lilihifadhiwa vinywani mwa watu hadi lilipochapwa mwaka 1855, jambo ambalo sisi tuliolelewa kwenye mashairi ya kughani hatulioni geni. Miaka kumi baada ya shairi la Hammon, Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kufikishwa Boston mwaka 1761, alitunga maombolezo ya mhubiri George Whitefield, aliyefariki Septemba 1770. Yalichapwa kama karatasi na kama kijitabu, yakamtangaza binti wa miaka 17 hivi kabla kitabu chake hakijatoka London mwaka 1773. Mwaka 1778 Hammon alimtungia Wheatley shairi, nalo pia likachapwa kwenye karatasi moja, mjini Hartford.

Kiingereza cha zama hizi ni kigumu kwa sababu mbili. Maneno ni ya Biblia na ya mimbari, na herufi ya s katikati ya neno imechapwa kwa umbo refu linalofanana na f, kiasi kwamba msomaji mgeni hujikwaa katika kila mstari. Baada ya kurasa mbili tatu jicho huzoea.

Karatasi na chapa. Karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na hiyo ndiyo sababu iliyohifadhiwa vizuri bado ina uzima baada ya miaka 250. Maombolezo hupambwa kwa mistari minene myeusi, majeneza na mafuvu yaliyochongwa kwenye ubao. Wachapaji hawakuwa na picha nyingi, kwa hiyo picha ileile hurudi kwenye kisa kingine kabisa, na msomaji makini huanza kuitambua kama sura ya mtu anayekutana naye kila siku kituo cha basi.

Kupatikana na gharama. Karatasi halisi ziko maktabani, na zikitokea mnadani ni mali ya taasisi na matajiri. Mghushi Mark Hofmann alidai mwaka 1985 kwamba amepata nakala ya kile kiapo cha 1639, akaitakia dola milioni 1.5, na taasisi kubwa zikaifikiria kwa dhati kabla ulaghai haujafichuka. Ikiwa wataalamu waliyumba, mnunuzi wa kawaida asijitie majaribuni. Chukua picha za kidijitali zinazotolewa na maktaba, uzichapishe kwa ukubwa halisi, nazo zitakutosha.

Inamfaa nani. Inamfaa mtafiti, mwalimu wa historia, na yeyote anayetaka kuona sauti ya mtumwa ikiingia kwenye chapa kwa jina lake mwenyewe. Haimfai anayetafuta shairi la kumliwaza kila asubuhi.

Karatasi za nyimbo za karne ya 19

Shairi lenyewe. Hapa shairi ni maneno ya wimbo, na hilo linabadilisha kila kitu. Karatasi haina nota za muziki. Juu ya beti huandikwa tu kwamba maneno yaimbwe kwa mahadhi fulani yanayojulikana, na mnunuzi alikuwa na mahadhi hayo tayari kichwani. Aliyezoea jinsi watunzi wetu wanavyotia maneno mapya kwenye mahadhi ya zamani ataelewa papo hapo. Mfano mkubwa ni wa Septemba 1814, wakati mwanasheria Francis Scott Key alipotazama manowari za Waingereza zikiishambulia ngome ya McHenry karibu na Baltimore, akatunga beti zilizochapwa mjini humo kwenye karatasi moja chini ya kichwa "Defence of Fort M'Henry", ziimbwe kwa mahadhi ya wimbo wa chama cha starehe cha London. Beti hizo ndizo zilizofanywa wimbo wa taifa mwaka 1931.

Mwaka huohuo wa 1814 Isaiah Thomas, mchapaji mzee aliyeanzisha Jumuiya ya Wanahistoria wa Kale ya Marekani mjini Worcester mwaka 1812, alinunua zaidi ya karatasi 300 za mashairi zilizokuwa zikiuzwa Boston, nyingi zikiwa kazi ya mchapaji Nathaniel Coverly. Alizijalidi na kuandika kwamba amezihifadhi ili zioneshe vitu vya aina hii vilivyopendwa na watu wa kawaida wakati huo. Namshukuru kila nizionapo. Mtu wa hadhi yake angeweza kuzipuuza, na zingekwisha kwa kuwashia moto na kufungia bidhaa, kama zilivyokwisha nyingine nyingi.

Kilele cha aina hii ni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Barabara ya Chatham mjini New York ilikuwa na wachapaji kama J. Andrews na H. De Marsan, na Charles Magnus alikuwa jirani, barabara ya Frankfort. Maneno mashuhuri ya Julia Ward Howe, yaliyotoka jaridani Februari 1862 na kuimbwa kwa mahadhi ya wimbo wa John Brown, yalichapwa pia kwenye karatasi na kamati iliyokuwa ikiandikisha vikosi vya wanajeshi Weusi. Lakini msomaji aonywe mapema: nyimbo nyingi za karatasi hizi ziliandikwa kwa ajili ya majukwaa ambako Wazungu walijipaka masizi na kuwadhihaki Waafrika, na matusi yake hayajafichwa. Mwalimu asizimwage mbele ya wanafunzi bila kuzisoma kwanza moja baada ya nyingine.

Karatasi na chapa. Ni ndogo, sentimita 25 kwa 16 hivi, na zimezungushiwa pambo lenye maua, bendera na watu waliochorwa. Magnus aliuza nyingine zikiwa zimepakwa rangi kwa mkono, na ukitazama kwa karibu utaona mahali ambapo rangi nyekundu ya bendera imevuka mstari, kwa sababu mpakaji alikuwa na nyingine nyingi zilizokuwa zikimsubiri. Karatasi ni nyembamba, na sehemu za mikunjo hukatika.

Kupatikana na gharama. Hizi ndizo karatasi za kale ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzimiliki, maana zilichapwa kwa wingi mno. Maktaba ya Bunge la Marekani peke yake imeweka wazi kwenye intaneti nyimbo 4,291 za aina hii. Kwa kuwa zinapatikana, zinaigwa pia. Mimi niliwahi kununua moja kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni ya wakati wa vita. Nyumbani nikaiwekea kioo cha kukuzia, na badala ya wino mzito wenye kingo zilizobonyea kidogo, nikaona vitone vidogo vilivyopangika kama chembe za mchanga, alama ya picha iliyochapwa kwa mitambo ya siku hizi. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kukuza, na ninakushauri ubebe kioo chako hata kama muuzaji atakunja uso.

Inamfaa nani. Inamfaa mpenda muziki, mwanahistoria wa vita, na mkusanyaji anayeanza. Kwa mtu anayetaka ushairi mzito wa kusomwa kimya, itamchosha.

Karatasi za miaka ya 1960

Shairi lenyewe. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo karatasi ilipopata tena kazi yake ya barabarani na ushairi wa daraja la juu kwa wakati mmoja. Tarehe 15 Septemba 1963 bomu lililipuka katika kanisa la Baptisti la barabara ya 16, Birmingham, Alabama, likaua wasichana wanne. Dudley Randall, mkutubi na mshairi wa Detroit, alitunga "Ballad of Birmingham". Mtoto anamwomba mama ruhusa aende kwenye maandamano badala ya kucheza. Mama anakataa kwa hofu ya mbwa, marungu na bunduki, anamtuma kanisani akaimbe kwaya, kwa kuwa huko ni salama. Anamchana nywele, anamvisha glavu nyeupe na viatu vyeupe. Mwishoni mama anafukua vioo na matofali, na anachopata ni kiatu.

Umbo alilolichagua Randall ni lilelile la mashairi ya visa yaliyochuuzwa Boston wakati wa Franklin: beti fupi za mishororo minne, vina vyepesi, mazungumzo ya watu wawili, na msiba unaokuja mwishoni. Mwimbaji Jerry Moore alipotaka kulitia muziki, Randall aliona heri alichape kwanza kwenye karatasi ili kulinda haki yake ya utunzi, na hivyo, mwaka 1965, kwa dola 12 kutoka mshahara wake, kikazaliwa kiwanda chake, Broadside Press. Jina la kiwanda ni jina la karatasi yenyewe.

Baada ya mkutano wa waandishi katika Chuo Kikuu cha Fisk mwaka 1966, alipata ruhusa ya kuchapa mashairi ya Robert Hayden, Margaret Walker na Melvin Tolson, na Gwendolyn Brooks naye akampa "We Real Cool". Karatasi ya shairi hilo, iliyobuniwa na Cledie Taylor, ndiyo ningemwonesha kwanza mtu asiyejua aina hii ni nini. Ni nyeusi yote, na maneno ni meupe, yamechorwa kwa mkono kama maandishi ya kijana kwenye ukuta wa mtaani. Shairi lina mishororo minane tu kuhusu wavulana saba walioacha shule na kushinda kwenye meza za pool. Neno "sisi" limening'inia mwishoni mwa kila mshororo isipokuwa wa mwisho, na kwa hiyo, mshororo wa nane unapotamka kifo, hakuna tena "sisi" ya kufuata. Kitabuni jicho lingepita haraka. Kwenye karatasi nyeusi ile, pengo la neno hilo linaonekana hata ukiwa umesimama mlangoni.

Upande wa pili wa nchi, mtaa wa Haight-Ashbury huko San Francisco, Chester Anderson na Claude Hayward walianzisha mwaka 1967 kikundi kilichoitwa Communication Company, wakachapa kwa mashine ya Gestetner na kugawa bure. Miongoni mwa waliyoyachapa ni shairi la Richard Brautigan kuhusu malisho ambako wanyama na kompyuta wanaishi kwa amani, shairi ambalo leo linasomwa kwa macho mapya kabisa. Waliofanya mitihani ya stensili katika shule zetu wanaijua mashine hiyo, harufu ya wino wake, na jinsi mstari wa chini ulivyokuwa ukififia nakala zikizidi. Huko Los Angeles, kiwanda cha Black Sparrow nacho kilianza mwaka 1966 kwa karatasi za mshairi Charles Bukowski.

Kiingereza cha karatasi hizi ni rahisi kuliko cha zama nyingine zote isipokuwa za leo.

Karatasi na chapa. Huu ndio udhaifu wake. Karatasi nyingi za miaka hiyo zilitengenezwa kwa massa ya miti yenye tindikali, kwa hiyo zinageuka njano na kukatika kwenye kingo. Zihifadhi ndani ya jalada lisilo na tindikali, mbali na jua, na usizibandike kwa selotepu hata kwa siku moja, kwa kuwa gundi yake hupenya na haitoki. Matundu ya pini kwenye pembe sioni kuwa dosari. Karatasi iliyotobolewa ilikuwa imetundikwa na mtu aliyetaka isomwe.

Kupatikana na gharama. Nakala za Detroit bado hupatikana kwa wauzaji wa vitabu vya kale, na zenye sahihi ya Brooks au Randall ni ghali zaidi. Maktaba nyingi za vyuo vikuu vya Marekani zinazo, na msomaji aliyeko karibu na chuo anaweza kuomba kuziona bila malipo. Kiwanda chenyewe hakikufa: mwaka 2015 kiliungana na Lotus Press na kinaendelea Detroit kwa jina la Broadside Lotus Press.

Inamfaa nani. Inamfaa mwalimu wa fasihi, mwanaharakati, mshairi kijana, na mkusanyaji mwenye subira ya kutunza kitu kisicho imara. Anayetaka pambo la sebuleni litakalobaki jeupe aende zama zinazofuata.

Karatasi za sanaa za leo

Shairi lenyewe. Kwa kawaida ni fupi, la mtunzi aliye hai, na limechaguliwa ili litoshe kwenye karatasi bila kubanwa. Mara nyingi huchapwa kwa ajili ya jioni ya usomaji wa mashairi, na wasikilizaji huondoka nayo.

Karatasi na chapa. Viwanda vya biashara vilipohamia kwenye mitambo mipya katika miaka ya 1960 na 1970, mashine za herufi za risasi, hasa zile za Vandercook zilizotengenezwa Chicago, ziliuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na wasanii wakazinunua. Ndizo zinazochapa karatasi hizi leo. Karatasi ni nene, ya pamba, yenye ukingo usiokatwa, na kila herufi imebonyea kiasi kwamba kidole kinaisoma. Uzuri huo una hatari yake: nimeona karatasi ambazo mtu anasifu wino, anasifu ukingo, na ukimuuliza shairi lilisema nini hana jibu.

Hatari hiyo haikuwapata walioshiriki mradi wa barabara ya Al-Mutanabbi. Tarehe 5 Machi 2007 bomu lililipuka katika barabara hiyo ya wauza vitabu mjini Baghdad, likaua watu wapatao 30 na kujeruhi zaidi ya 100. Beau Beausoleil, mshairi na muuza vitabu wa San Francisco, aliwaita wachapaji watengeneze karatasi 130, kwa hesabu ya waliouawa na kujeruhiwa, na seti kamili ikapelekwa kwenye Maktaba ya Taifa ya Iraq. Hapo karatasi ya sanaa ilirudia kazi ya kuomboleza iliyofanywa na karatasi za Boston mwaka 1770, safari hii kwa wafu wa nchi nyingine.

Kupatikana na gharama. Matawi ni mawili. Zenye nambari na sahihi huanzia makumi ya dola na kupanda kwa umaarufu wa mtunzi, na ukiongeza fremu na usafirishaji hadi Mombasa au Muscat gharama huweza kupita bei ya karatasi yenyewe. Tawi la pili ni la bure: tangu mwaka 2005 Broadsided Press, iliyoanzishwa na mshairi Elizabeth Bradfield, huunganisha shairi na mchoro kila mwezi na kuliweka kwenye intaneti kama faili ambalo mtu yeyote anaweza kulichapisha na kulibandika mtaani kwake. Faili hilo linachapika katika steshenari yoyote ya Kariakoo au River Road. Hatari ya bandia ni ndogo katika matawi yote mawili.

Inamfaa nani. Tawi la kwanza linamfaa anayetaka zawadi au pambo la kudumu, na la pili linamfaa asiye na fedha lakini mwenye ukuta.

Uchague vipi kwa hali yako

Ukiwa mwalimu wa sekondari mwenye vipindi vichache, anza na Randall na Brooks, kisha uwarudishe wanafunzi nyuma kwa picha moja ya karatasi ya zamani ili walione umbo la shairi la kisa likisafiri kwa karne mbili. Ukiwa mtafiti wa historia ya Waafrika walioko Marekani, mpangilio ugeuke: Hammon na Wheatley kwanza, na usiache kuzisoma karatasi za nyimbo za karne ya 19 pamoja na matusi yake, maana ndizo zinazoonesha kilichokuwa kikiimbwa mitaani wakati Weusi wenyewe walipokuwa wakipigania kuandikishwa jeshini.

Ukiwa na fedha kidogo na hamu ya kushika kitu cha kale kwa mkono, tafuta wimbo wa miaka ya 1860, mmoja tu, usio na rangi, uliohifadhiwa vizuri, na uukague kwa kioo kabla ya kulipa. Ukiwa unaishi ughaibuni na unataka kitu cha sebuleni ambacho wageni watasimama mbele yake na kukisoma, karatasi ya sanaa ya leo yenye sahihi itakufaa, ila soma shairi lenyewe mara tatu kabla ya kuitazama karatasi, na ukiona halikushiki, iache hata kama wino wake unang'aa.

Wenzi wanaotofautiana, mmoja akitaka ya kale na mwingine akitaka ya leo, wanaweza kuweka picha nzuri ya karatasi ya Wheatley kando ya moja ya Al-Mutanabbi. Zote ni maombolezo, na zinakaa pamoja bila kugombana.

Na ukiwa mshairi unayefikiria kuchapa karatasi yako mwenyewe, kaa kwanza na zile 300 za Isaiah Thomas ujifunze jinsi ya kubana beti nyingi bila kuchosha jicho, kisha ukae na ile karatasi nyeusi ya "We Real Cool" ujifunze kuacha nafasi. Chagua shairi lako lililo fupi kuliko yote, mpelekee mpigachapa, na umwambie unataka upande mmoja tu.